Baa zilizojitengenezea chenji

Ukisema tokeni hapa mtaani mtu anawaza luku, ila mi wiki hii nimezama kwenye tokeni nyingine kabisa, za baa za Uingereza miaka ya 1600 huko, na bado sijatoka.

Iko hivi. 1649 walimkata kichwa mfalme wao Charles wa Kwanza, serikali iliyofuata ikawa inapiga sarafu za fedha na dhahabu tu, visenti vya chini wala hawahangaiki navyo. Sasa mteja kanywa bia yake, anakudai robo peni, unampa nini? Wenye baa wakaona isiwe tabu, wakajichongeshea hela zao wenyewe, ndo hizo tokeni, vipande vya shaba vyembamba, upana kama ukucha wa dole gumba, na sio baa tu, wauza mishumaa, waoka mikate, kila mtu na yake.

Upande mmoja kuna picha ya kibao cha baa, nguva, kichwa cha nguruwe dume, jua, maana wateja wengi kusoma hawajui ila picha wanaijua. Pembeni jina la mwenye baa na mtaa wake. Halafu kitu kilichonimaliza: upande wa pili katikati kuna herufi tatu, ya juu ni ya ukoo, za chini ni ya jina la mume na ya jina la mke. Yaani tuseme John Smith na mkewe Mary, inakuwa S juu, chini I na M (J enzi hizo waliiandika I). Mama yumo kwenye hela bana! Na ni haki yake, pengine ndo aliyekuwa kaunta siku nzima.

Maduka ya jirani yalizipokea, yakazipanga kwenye boksi lenye vyumba vyumba, zikijaa wanampelekea mwenyewe awape fedha ya kweli. Ukivuka mitaa kadhaa hakuna anayezitambua, na moto wa London wa 1666 ulipoteketeza baa kibao nawaza waliokuwa na tokeni za baa hizo mfukoni walimdai nani.

1672 mfalme Charles wa Pili akatoa sarafu za shaba za serikali na za baa zikapigwa marufuku. Siku hizi watu wanaziokota kwenye matope ya mto Thames maji yakikupwa.

Ila angalau yule wa baa tokeni yake ukimrudishia alipokea. Mi juzi nimepewa pipi tatu badala ya chenji, jana nimezirudisha zikate bei ya mkate, muuzaji kanitazama kama nimechanganyikiwa.