Kariri mzizi, maneno yatakuja yenyewe
Kama bado unakariri maneno ya Kiingereza moja moja, jamani, hebu jaribu mizizi ya Kilatini, yaani vile vipande vya neno vinavyobeba maana yake. Chukua rupt, maana yake kuvunja: interrupt ni kumkatiza mtu anaongea, erupt ni volkano kulipuka, ile e mwanzoni ni nje, yaani inapasuka kuelekea nje, halafu kuna abrupt (ghafla) na corrupt (fisadi), zote zina kuvunjika ndani yake, ukishazoea hivyo hata disrupt (kuvuruga) haikusumbui. Maneno mengi ya Kilatini yaliingia kwenye Kiingereza kupitia Kifaransa, baada ya Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa waliokuwa wakiongea Kifaransa, kuiteka Uingereza 1066. Ila kuwa makini na ped, kwenye pedal ni mguu, kwenye pediatrician ni mtoto, hiyo imetoka Kigiriki, kwa hiyo dikshenari iwe karibu.