Asilimia 65

Mwaka 2016 nilikuwa nyumbani Morogoro na shahada ya uzamili ya sayansi ya udongo kutoka SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, natafuta chuo Ujerumani nikasome shahada ya udaktari, yaani PhD. Nilitafuta kwa mtindo tuliouzoea: fomu, ada ya maombi, tarehe ya mwisho. Ofisi za udahili zikanijibu kwa adabu kwamba nitafute kwanza profesa wa kunisimamia. Maprofesa wenyewe wengi walikaa kimya. Siwalaumu. Barua yangu ilikuwa ileile moja, nabadilisha jina tu pale juu.

Jioni moja nikakutana na tangazo la Chuo Kikuu cha Bayreuth, hukohuko Ujerumani. Udongo wa milimani, fani yangu kabisa! Kushuka chini nakuta habari za ajira: mkataba wa miaka mitatu, ngazi ya mshahara E13, asilimia 65 ya ajira kamili. Nikalifunga. Mimi nilitaka shule, si kibarua.

Wiki mbili baadaye nikamsimulia kama kichekesho dada mmoja aliyenitangulia SUA, wakati huo yuko hukohuko Ujerumani.

“We mtoto! Hiyo ndiyo PhD yenyewe!”

Akanieleza kwamba huko wengi huandika tasnifu wakiwa waajiriwa wa chuo, wanakatwa kodi, bima na pensheni kama watumishi wengine. Yeye alishamaliza udaktari na alikuwa anasaka nafasi ya utafiti kwa matangazo ya namna hiyohiyo, tena mbiombio, maana sheria yao huruhusu mikataba ya muda kwa miaka sita kabla ya udaktari na sita baada yake. “Yangu inayoyoma,” alisema.

Zilibaki siku mbili. Barua, wasifu na vyeti vyote viliunganishwa kwenye faili moja ya PDF. Aya yangu ya kwanza, ile ya kupenda sayansi tangu utotoni, dada aliifuta yote. “Waambie umechimba mashimo mangapi.” Nikaandika: mashimo 48, safu za Uluguru, mengine kwa jembe la kuazima.

Siku ya usaili, nikiwa katikati ya kueleza mashimo hayo, LUKU ikaisha. Mama akatoka na kanga yake kifuani, akakimbilia dukani kununua umeme, mimi nikaendelea kwa simu, gizani, wakiona kipande cha paji la uso. Profesa akauliza tu jembe lilikuwa la nani.

Mkataba ulipokuja nikamtafsiria Mama. Asilimia 65 ni kama saa 26 kwa wiki.

“Na saa zilizobaki?”

“Nitakuwa naandika tasnifu.”

“Ofisini kwao?”

“Ofisini kwao.”

Akazikunja zile karatasi taratibu, akanirudishia. “Kwa hiyo utashinda huko kutwa nzima, wakulipe robo tatu kasoro.”

Nilisaini palepale, juu ya meza ya kulia chakula.