Maji Yakipwa, Chuma Kikipoa

Juzi binti yangu aliinama kutazama nguzo ya kibaraza cha jirani. "Baba, mbona hii pleti ya chini kingo zimeinuka? Nani aliipiga?" Nikamwambia hakuna aliyeipiga, ni moto wa kuchomelea tu. Hakuniamini. Nami nikajikuta niko Langoni tena, mtaa wa mji wa Lamu, kwenye karakana ya kuchomelea vyuma ya Ami, siku ya miguu ya tangi.

Ilikuwa kazi ya nahodha mmoja wa Faza, kisiwani Pate. Miguu minne ya tyubu za mraba, milimita 75 kwa 75, kila mmoja na pleti yake ya milimita 8 ya kufungwa kwa bolti kwenye zege. Juu yake lingekaa tangi la maji la madrasa. Kukata na kutoboa tulimaliza upesi. Nahodha alikuwa ameketi mlangoni, macho yako baharini, maana mkondo wa Mkanda, njia yake ya kurudi Faza, unataka maji yaliyojaa, na yakishapwa mashua yenye mzigo inakwama.

Ami hakukimbilia mashine. Alilaza miguu miwili pleti kwa pleti, akachomeka kipande cha bati katikati, akapitisha bolti kwenye matundu ya pembeni na kukaza mpaka pembe zikakaribia kuumana. Nikachungulia. Pleti nene zile zilikuwa zimepinda kidogo, kila moja kingo zake zikiukimbia mguu wake.

"Zikichomwa zitataka kuja huku," akasema, akigusa tyubu. "Basi tuzitangulize kule."

Chuma huyeyuka kwenye joto la karibu nyuzi 1,500 za Selsiasi. Mshono wa kuchomelea ukipoa hunywea, na kwa kuwa uko upande mmoja wa pleti, huzivuta kingo zipande kuelekea tyubu. Kwa hiyo Ami alishikiza kwanza kwa nukta pande zote, akapima kwa skwea, kisha akachomelea vipande vifupi: huku kidogo, halafu upande wa pili, kama anayekaza nati za gurudumu. Hakuzunguka tyubu kwa mkupuo mmoja hata mara moja. Akahamia jozi ya pili.

Kisha tukakaa.

Gamba juu ya mshono lilikuwa likipasuka lenyewe, tik, tik, na vipande vyake kuruka sakafuni. Mwenzangu alileta ndoo ya maji. Ami akaisogeza kando kwa mguu bila kusema kitu. Nje, matope yalianza kuonekana chini ya ukuta wa gati.

"Ami, fungua bolti. Zitapoa njiani."

"Nikizifungua na moto wake, nahodha, zitajikunja."

Nahodha akasimama, akakaza kikoi chake. Hakupandisha sauti. "Basi wale watoto wataendelea kuteka maji kwa ndoo mpaka kesho."

Ami aliinamisha kichwa. Niliona kidole gumba chake kikisugua spana, kikienda na kurudi, lakini spana haikupanda kwenye bolti.

Mashua ililala Lamu. Zilipofunguliwa, pleti hazikuwa na moto tena. Tuliusimamisha mguu wa kwanza juu ya bamba la kazi, na nahodha mwenyewe akachukua kipande cha gazeti akajaribu kukipenyeza chini ya kila pembe. Hakikuingia. Akaujaribu wa pili, wa tatu, wa nne. Akalipa yote, akaaga kwa adabu, akaondoka na maji yaliyofuata.

Siku hizi, kabla sijapokea kazi ya nguzo, namuuliza mteja chombo chake kinaondoka lini. Wengine hukasirika, hupeleka kazi kwingine, ikamalizwa haraka na kunyooshwa kwa nyundo. Mimi bado nawangojesha, na naamini ni haki kuwangojesha. Lakini yale maneno ya nahodha kuhusu watoto, Ami hakuyajibu, na mimi pia sijayapatia jawabu.