Msimamizi wa dawa za baba mdogo

Mwaka 2013 kliniki ya TB katika hospitali yetu ya wilaya, mkoani Tanga, ilikuwa chumba cha pembeni kabisa, madirisha wazi pande mbili, na benchi la wagonjwa nje chini ya mwembe. Nilidhani tunatengwa. Sista akanieleza kwamba vijidudu vya kifua kikuu husambaa hewani, na upepo unaopita ndio kinga ya kwanza. Hata kwenye foleni kubwa, anayekohoa alitolewa akaonwa mapema.

Majibu ya makohozi ya baba mdogo yalionyesha vimelea. Kwenye mizani alisoma kilo 46, mtu aliyekuwa akijitwika gunia la nazi peke yake. Akaandikiwa vidonge vitatu kwa siku, kila kimoja kikiwa na dawa nne ndani yake, kwa miezi miwili. Kisha miezi minne ya dawa mbili. Akashauriwa kupima VVU, akakubali. Sista akajaza rejista na kadi mbili, ya kliniki na ya mgonjwa. Halafu kalamu ikasimama.

"Mzee, nani atakuwa msimamizi wako? Wa kukuona ukimeza kila siku."

Baba mdogo akainama. Mkewe alishafariki, mwanawe yuko baharini usiku na mchana, nyumbani kabaki mkwe. Atafunguaje kinywa mbele ya mkwe? Angeweza kuja kumeza kliniki kila asubuhi, lakini nauli ingemshinda kabla mwezi haujaisha. Sista hakumharakisha wala hakumchagulia mtu. Mpaka leo naamini matibabu yake yaliokolewa na subira ile.

"Huyu mwanangu," akasema, akinionyesha kwa kidevu. Nyumba zetu zinapakana.

Nilishikwa na haya. Ni baba yangu. Vipi nimkague kinywa? Sista akampa maji na vidonge vya siku ile, akanigeukia. "Tazama. Akishameza, weka alama kwenye kadi hapo hapo, si kesho. Mkojo ukiwa rangi ya chungwa msiogope, ni dawa. Macho yakiwa ya manjano, au akianza kuona ukungu, njooni siku hiyo hiyo."

Akauliza watoto wa nyumbani. Yupo mjukuu wa miaka mitatu. "Mleteni kesho achunguzwe. Asipokuwa na ugonjwa, tutampa dawa ya kinga. Na wakubwa wote waje."

Alfajiri nilibisha hodi na kikombe cha maji. "Shikamoo baba."

"Marahaba. Njoo mama, utimize amri ya sista." Akameza, akafungua kinywa kabla sijasema neno.

Mwisho wa mwezi wa pili makohozi yalipimwa tena, vimelea havikuonekana, akahamishiwa dawa mbili. Wakati huo mkwe alikuwa ameshanilalamikia kwamba sufuria ya ugali haitoshi tena.