Shomoro Gani Huyo?

Leo ni Ijumaa, na swali la Mama la Jumapili bado halijanitoka. Nilikuwa barazani nikimwonyesha kitinda mimba wetu ndege mdogo wa rangi ya udongo aliyekuwa akihangaika kwenye waya wa taa ya baraza, nikamwambia kwa uhakika wote kwamba huyo ni shomoro jike. Mtoto akasema anamwona akizungusha nyuzi za buibui. Mama, aliyekuwa amekaa mlangoni na ungo wa mchele ambao siku hizi huwaachia wajukuu wauchambue, akauliza kwa upole: “Mwanangu, shomoro gani huyo anayejenga kwa utando wa buibui?” Kisha akasema, “Huyo ni chozi,” yaani yule ndege mdogo anayefyonza mbochi, maji matamu ya maua.

Upole ule ndio ulioniuma, kwa kuwa mimi ndiye ninayefundisha biolojia. Wiki hii imeleta barua ya uhamisho wa baba watoto na posa ya mdogo wangu, lakini kila nikitulia nalisikia swali lile.

Basi nikaanza kumtazama kama nilivyopaswa kumtazama tangu mwanzo. Shomoro ana mdomo mfupi na mnene wa kuvunjia mbegu, ilhali huyu mdomo wake ni mrefu, mwembamba na umepinda kuelekea chini, nao huuzamisha katika maua ya mgomba kufyonza mbochi. Kifua chake kina madoadoa, na juu ya jicho hana ule mstari mweupe walio nao majike wa aina nyingine za chozi. Jumanne dume alitua juu ya mpapai, mweusi tititi, kipaji cha kijani kinachometameta na kifua chekundu kama kaa la moto, na shaka yangu ikaisha: ni yule ambaye wataalamu humwita Chalcomitra senegalensis.

Tangu hapo uchungu umegeuka furaha ambayo sikuitarajia. Jike hujenga peke yake, akifunga majani makavu kwa utando hadi kiota kinaning'inia kama kifuko chenye mlango ubavuni na kijibaraza juu yake. Buibui anayempokonya nyuzi ni chakula chake pia, na makinda yakiangulika, baada ya jike kuatamia kwa takriban wiki 2, dume naye atasaidia kuyalisha.

Jana jioni jike aliingia kiotani, mdomo ukachomoza mlangoni, hatua tatu tu kutoka kwenye kiti cha Mama. Mama alikuwa ameelekeza uso palepale.

“Amerudi?” akaniuliza.

“Amerudi, Mama.”

Jumapili alimtambua kwa sauti yake na kwa maneno ya mjukuu. Nimepata miadi ya kliniki ya macho Alhamisi ijayo, na hadi sasa sijajua nitamwambiaje.