Programu ya mizani iliyoganda kila ikifungwa: kumbe ni kufuli la Python

Jana usiku nimelala kwa mara ya kwanza wiki hii. Programu niliyomwandikia mzee mmoja wa nafaka pale soko la Kongowea, Mombasa, kwa lugha ya C yenye Python ndani yake, ilisoma mizani vizuri kutwa, lakini jioni akiifunga inaganda. Hakuna ujumbe wa kosa, prosesa imetulia tuli.

Nilibadilisha kebo. Nikapandisha toleo la Python. Nikaongeza kufuli langu mwenyewe, mambo yakazidi kuharibika.

Kilichosaidia ni kuiunganisha gdb, chombo cha kuchungulia ndani ya programu, na programu ikiwa imeganda, kisha kuandika `thread apply all bt`, amri inayoonyesha kila uzi (mkondo mmoja wa kazi ndani ya programu) umekwama wapi. Uzi mkuu ulikuwa kwenye `pthread_join`, unasubiri uzi wa mizani umalize. Uzi wa mizani ulikuwa kwenye `PyGILState_Ensure`, unasubiri GIL, lile kufuli linaloruhusu uzi mmoja tu kuendesha Python kwa wakati mmoja. Na aliyelishika? Uzi mkuu! Tuktuk mbili kwenye kichochoro cha Mji wa Kale, kila dereva anamngoja mwenzake arudi nyuma.

Kilichonipoteza ni hiki: `join` ya Python yenyewe huachia kufuli wakati inasubiri, nami nikadhani ya C hufanya vivyo hivyo. Haifanyi.

Basi nikaweka `Py_BEGIN_ALLOW_THREADS`, inayoachia kufuli, mstari mmoja kabla ya `pthread_join`, na `Py_END_ALLOW_THREADS`, inayolishika tena, mara tu baada yake, ndipo `Py_FinalizeEx`, inayoifunga Python. Mzee amefunga mara tatu leo, kwa kujaribu tu.