Picha ya gofu imenipandishia mchango

Mdogo wangu aliitupia picha yangu kwenye grupu la ukoo: nimeshika fimbo ya gofu, kofia kichwani, nyuma yangu majani ya kijani mpaka baharini. Kabla ya jioni, mweka hazina wa harusi ya binti wa baba mdogo alikuwa ameshanipandisha kwenye orodha ya ahadi, kutoka laki tatu hadi milioni mbili. Hakuna aliyenipigia. Nilijikuta tu pale, kati ya shangazi wa Himo mwenye elfu hamsini na mjomba wa Mererani, yule mwenye magari mawili, aliyeandikiwa laki moja. Kuuliza, baba mdogo akanijibu kwa upole kabisa: "Mangi, mcheza gofu hawezi kutuletea habari za laki tatu."

Sasa niko Moshi kwa Krismasi, na kila ninapokaa, mbege ikizunguka au nyama ikiiva, habari ni hiyo hiyo. Ngoja niiseme mara moja nile likizo yangu kwa amani.

Kazi yangu huko Fife, Scotland, ni kulea wazee. Nawaogesha, nawalisha, usiku nawageuza wasipate vidonda vya kitanda. Mwaka wa kwanza nilijua njia mbili tu, ya kazini na ya kurudi kulala. Kilichonitoa ndani si utajiri. Duka moja la mitumba lilikuwa na begi la fimbo za gofu za mkono wa kushoto, zimekosa mnunuzi, pauni 25. Kwa shilingi haifiki laki. Mimi ni mashoto. Shule ya msingi nilichapwa vidole kwa kushikia kalamu mkono huo, kwa hiyo kitu chochote kilichotengenezwa kwa ajili yake sikipiti hivi hivi.

Tena kule gofu si mambo ya geti na mlinzi. Old Course ya St Andrews, uwanja ambao mabingwa wa dunia wanaulilia, uko kwenye ardhi ya umma. Jumapili kwa kawaida hawachezi; watu wanajipitia na mbwa na watoto wao. Kucheza hapo si bei ya mlea wazee, sidanganyi, lakini eneo hilo hilo kuna Balgove, uwanja mdogo wa mashimo tisa kwa watoto na wanaoanza, hakuna anayekuuliza kiwango chako. Baadaye nikajiunga na uwanja wa mji wetu mdogo, ada nalipa kwa mwezi kama nyie mnavyolipia king'amuzi. Wenzangu pale ni fundi bomba mmoja na mzee aliyestaafu udereva wa basi. Dereva wa basi, baba mdogo! Huku nani amewahi kumuona konda wa Hiace akicheza gofu?

Na tunashindana kweli, kwa sababu ya handikapu. Mtu anayeanza anaweza kupewa mpaka 54, yaani mikwaju hiyo yote inatolewa kwenye hesabu yake mwisho wa mashimo 18. Mimi na ubovu wangu nimeshamfunga fundi bomba, na soda alinunua yeye.

Ulevi wa gofu ndio siwezi kuuelezea vizuri. Mipira mingi unaiharibu. Unaipiga kichwani inatambaa, unachimba udongo, unaipeleka kwenye vichaka vya miiba na sheria inakupa dakika tatu tu za kuutafuta, ukiukosa unaongezewa mkwaju na unarudi kupiga pale pale ulipotoka, kwa aibu. Halafu unakuja mmoja. Mkono hausikii mtikisiko wowote, fimbo imepita kama haijagusa kitu, unainua macho na mpira uko juu, mdogo, unazidi kwenda. Basi, umekwisha. Juni jua linazama karibu saa nne usiku, kwa hiyo nikitoka zamu ya mchana naenda uwanjani na sare ya kazi ndani ya koti. Mwaka 1457, enzi za mfalme James wa Pili, bunge la Scotland lilipiga marufuku gofu na mpira wa miguu kwa sababu vijana walikuwa wanatoroka mazoezi ya kulenga mishale. Nawaelewa pande zote mbili.

Cha ajabu, nimekulia Moshi, na hapa mjini Moshi Club ina mashimo tisa chini ya mlima ambao Wazungu wanalipa kuja kuutazama. Ilibidi nipande ndege nikaanzie kwenye upepo wa Fife. Juzi nilikwenda, nikalipa ada ya siku, nikapewa kedi, kijana wa kunibebea fimbo. Alinitazama nikipiga mipira michache, kimya, kisha akasema, "Kaka, unapopiga, mwili wako unaanza kuzunguka na bega. Anza na kiuno." Kule nimelipa mwalimu kwa pauni, ananichorea mishale kwenye kompyuta, na hakuniambia hivyo. Mpira uliofuata ulikwenda mbali kuliko nilivyozoea. Sawa, Moshi ni zaidi ya mita 800 juu ya bahari na joto lipo, hewa nyepesi inasaidia. Lakini kiuno ni cha yule kijana. Vijana wa namna hiyo wanajifunzia kwa kuazima fimbo jioni wenyewe wakishaondoka, na wapo walioishia kuwa wachezaji wa kulipwa. Arusha imemtoa Madina Iddi, mwanamke mcheza gofu, amekwenda nje na kurudi na vikombe. Vipaji tunavyo, viwanja ndivyo vinahesabika kwa vidole, na ule wa mashimo 18 wa Usa River, kwa mshahara wa mwalimu, ni wa kuusikia tu.

Wanaoniuliza inbox "kaka nifanyie mpango nije" nao niwajibu humu humu. Viza ya kulea wazee tuliyopitia wengi imefungwa kwa waombaji wapya kutoka nje tangu Julai 2025. Anayekuuzia nafasi hiyo leo kwa mamilioni anakuuzia mbuzi kwenye gunia, hata kama ni ndugu. Kwa waliokwishafika: kodi ya halmashauri inakuja juu ya kodi ya nyumba, usiisahau, na baridi ya kwanza weka hela ya kupasha nyumba kabla ya kutuma ya saruji. Desemba saa kumi jioni kumeshaingia giza. Tafuta kitu cha kukutoa nje, iwe kwaya, iwe mpira. Ndani peke yako utaumwa.

Harusini nitatoa laki tatu na nitacheza mpaka mwisho. Fimbo zangu sikuja nazo zote, shirika la ndege lilitaka kwa begi la pili pesa inayozidi bei niliyonunulia seti nzima, nikachomeka chache kati ya nguo. Za kuazima hapa karibu zote ni za mkono wa kulia. Kama kuna mashoto mwenzangu Moshi au Arusha anauza zake, hata ya chuma namba saba peke yake, anitafute kabla ya Januari. Na bei iwe ya nyumbani, tafadhali, siyo ya mtu wa Ulaya.